Steven Kanumba: Safari ya staa aliyeivusha Bongo Movie mipaka, na urithi alioacha

Kabla bando za intaneti hazijawa kitu cha kawaida Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, muvi ilikuwa na njia moja tu ya kukufikia. Mtu ana TV, ana deki, ana jenereta au sola, anafunga turubai, anaweka mabenchi. Hicho ndicho kibanda umiza. Unalipa kiingilio chako, unabanana na wenzako, unatazama.

Na kwa miaka kadhaa, sura iliyokuwa inauza zaidi kwenye vibanda hivyo, Karagwe hadi Dar es Salaam, ilikuwa ya kijana mmoja mrefu, mtanashati, aliyejiita The Great. Jina lake kamili ni Steven Charles Kanumba.

Alifariki Aprili 2012, mwaka uleule ambao Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya inayojitegemea. Maana yake mtoto aliyezaliwa Kyerwa ikiwa wilaya mpya leo ni kijana wa sekondari, na inawezekana kabisa Kanumba anamjua kupitia vipande vya video kwenye simu tu. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa wewe uliyekuwepo lakini mengine umesahau.

Kanumba kwa ufupi

- Kuzaliwa: 8 Januari 1984, Shinyanga
- Kazi: mwigizaji, mwongozaji na mtayarishaji wa filamu
- Kundi lililomtoa: Kaole Sanaa Group
- Kampuni yake: Kanumba The Great Film
- Kufariki: 7 Aprili 2012, Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28
- Alipozikwa: Makaburi ya Kinondoni, 10 Aprili 2012

Kutoka Shinyanga hadi Kaole

Kanumba hakuzaliwa kwenye familia ya mastaa wala hakukulia Dar. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, Shinyanga, kisha akaanza sekondari Mwadui, eneo linalojulikana kwa mgodi wa almasi. Baadaye alihamia Dar es Salaam na kuendelea na masomo huko, akimalizia kidato cha tano na cha sita Jitegemee.

Kuigiza alianzia kanisani akiwa bado mdogo. Hii si ajabu. Vijana wengi wa mikoani wanaonjea jukwaa kwenye maigizo ya Krismasi na Pasaka, au kwenye ngonjera za shule.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group. Kwa kizazi cha leo inabidi kufafanua: Kaole lilikuwa kundi la maigizo lililorusha tamthilia kupitia ITV, na wakati huo, familia nyingi zenye TV zilikuwa zinakaa pamoja jioni kulitazama. Kaole ndiko walikopita Vincent Kigosi "Ray", Blandina Chagula "Johari" na wengine ambao baadaye walikuja kuwa nguzo za Bongo Movie.

Huko Kanumba alijifunza kazi kwa kufanya. Hakukuwa na chuo cha filamu kila kona. Ulikuwa unapewa nafasi ndogo, unaonekana, watu wa mtaani wanaanza kukuita kwa jina la uhusika wako, basi umeshatoka.

Bongo Movie ilikuwa bado changa

Kumuelewa Kanumba lazima uelewe soko alilolikuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye vibanda umiza zilitawala muvi za mapigano za Marekani na China, za Kihindi, na za Nigeria. Watazamaji wengi hawakuelewa lugha, hivyo wakatokea watafsiri wanaosimulia picha kwa Kiswahili. Maarufu kuliko wote alikuwa Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu. Sauti yake tu ilitosha kuuza mkanda.

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, filamu iliyoongozwa na George Tyson. Hiyo inatajwa mara nyingi kama kazi iliyofungua milango ya soko la filamu za video Tanzania. Watu wakagundua kumbe hadithi ya mtaani kwao, kwa Kiswahili chao, inaweza kuuzika.

Mastaa wa Kaole hawakulala. Wakatoka kwenye tamthilia za TV, wakahamia kwenye filamu za kuuzwa mkononi: kwanza kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Kanumba alikuwa mstari wa mbele.

Dar to Lagos: aligonga mlango wa Nigeria

Wengi waliridhika kuwa mastaa wa Bongo. Kanumba akataka zaidi.

Mwaka 2006 ilitoka Dar to Lagos, filamu iliyowaunganisha Watanzania na watu wa Nollywood. Humo Kanumba aliigiza na Mercy Johnson, mwigizaji wa Nigeria ambaye baadaye alikuja kuwa staa mkubwa kwao. Kwa soko la Tanzania lilikuwa jambo zito. Hadi hapo, Nigeria ilikuwa inatuletea muvi, sisi tunanunua. Sasa Mtanzania alikuwa ndani ya picha, tena akiwa mhusika mkuu.

Baadaye akamleta Ramsey Nouah, jina kubwa la Nollywood, kwenye filamu ya Devil Kingdom. Ujumbe ulikuwa wazi: hawa watu si wa kuwatazama tu kwenye kioo, unaweza kufanya nao kazi.

Wapo waliomlaumu kwamba anaiga Wanaijeria, kuanzia majina ya filamu ya Kiingereza, majumba ya kifahari, hadi visa vya uchawi na wachungaji feki. Lawama hiyo haikuwa ya uongo mtupu, na haikumhusu yeye peke yake. Soko zima lilikuwa linatazama Lagos. Tofauti ni kwamba Kanumba alipanda ndege akaenda kujifunza kwa wenyewe.

Muvi zake za kuzijua

Alicheza na kutengeneza makumi ya filamu. Kama unaanza leo, hizi zinatosha kukupa picha:

- Dar to Lagos. Ndiyo iliyomfungulia njia ya nje.
- A Point of No Return. Alicheza na Wema Sepetu, Miss Tanzania 2006, wakati Wema ndiyo anaingia kwenye filamu.
- Oprah. Kanumba, Ray na Irene Uwoya kwenye kisa cha mapenzi na usaliti. Ni kati ya kazi zilizotikisa sana mtaani.
- Uncle JJ na This Is It. Humu aliigiza na watoto. Ndizo zilizomuingiza kwenye mioyo ya familia nzima, maana baba, mama na watoto walikaa kochi moja kutazama.
- Devil Kingdom. Pamoja na Ramsey Nouah.
- Moses, The Shock na Young Billionaire. Kutoka kipindi alichokuwa anasimamia kazi zake kwa karibu zaidi.
- Ndoa Yangu na Love & Power. Ziliingia sokoni akiwa ameshatangulia.

Kitu kimoja wanachokumbuka watazamaji wa enzi hizo: filamu nyingi zilikuja vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili. Kibandani ukimaliza ya kwanza, hadithi imekatika pabaya, unatafuta hela ya kiingilio tena.

Big Brother na kelele za Kiingereza

Mwaka 2009 Kanumba alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa kama mgeni. Alirudi nyumbani akikuta gumzo moja tu: Kiingereza chake. Watu walimcheka redioni, kwenye magazeti na vijiweni.

Ukitazama nyuma, gumzo lile linasema zaidi kuhusu sisi kuliko yeye. Huyu ni mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama Watanzania wengi, na umaarufu wake wote aliujenga kwa Kiswahili. Hakujificha. Aliendelea kutafuta kazi za nje na kusimama mbele ya kamera za kigeni.

Kwa nini alifika hadi ng'ambo ya Mto Kagera

Karagwe na Kyerwa ni wilaya za mpakani. Upande mmoja ni Rwanda, upande mwingine Uganda. Ukifika Murongo unavuka tu mto, uko Kikagati, Uganda. Watu wana ndugu pande zote, wanauziana ndizi, kahawa na ng'ombe, na Kinyambo kinaelewana na lugha za majirani.

Bidhaa zinavuka, na muvi pia zilivuka. Filamu za Kanumba zilipata watazamaji Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo. Sababu ni hizi:

Kwanza, lugha. Kiswahili chake kilikuwa cha kawaida, cha kueleweka. Hata asiyekijua vizuri alifuata kisa.

Pili, visa vyenyewe. Ndoa inayovunjika, mama mkwe mkorofi, ndugu wanaogombania mali ya marehemu, mganga, mchungaji, kijana wa kijijini aliyeingia mjini. Hakuna kijiji cha Maziwa Makuu kisichojua habari hizo.

Tatu, kilio. Kanumba alikuwa analia mbele ya kamera. Mwanaume, mtanashati, ana gari na suti, analia machozi kabisa. Kwa jamii zinazofundisha kwamba mwanaume halii, ilikuwa kitu kipya. Akina mama walimpenda kwa hilo, na vijana waliojifanya kumcheka kibandani nao walikaa kimya tukio lilipofika.

Usiku wa Aprili 2012

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 7 Aprili 2012, katikati ya sikukuu ya Pasaka, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Habari zilisambaa kabla hakujakucha. Wengi walidhani ni uzushi, wakasubiri redio ithibitishe.

Jumanne ya 10 Aprili mwili uliagwa Viwanja vya Leaders Club, Kinondoni. Umati ulikadiriwa kuwa zaidi ya watu 30,000. Watu walizimia, na ratiba ya kuaga ikabidi ikatishwe kwa sababu ya msongamano. Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo. Rais Jakaya Kikwete naye alikuwa amefika msibani kutoa pole. Kwa msanii wa filamu, Tanzania haikuwahi kuona msiba wa namna ile.

Mwigizaji Elizabeth Michael "Lulu", aliyekuwa naye nyumbani usiku huo, alikamatwa. Awali alishtakiwa kwa mauaji, kisha shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, akapata dhamana mwaka 2013. Tarehe 13 Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitoka gerezani kumalizia adhabu yake kwa kutumikia jamii.

Hayo ndiyo yaliyomo kwenye kumbukumbu za mahakama. Mengine mengi yanayozunguka mitandaoni kila ifikapo Aprili ni maneno ya watu.

Baada yake: je, Bongo Movie ilikufa naye?

Kauli hiyo inasemwa sana: "Kanumba kaondoka na Bongo Movie yake." Inagusa moyo, lakini si sahihi sana.

Ukweli ni kwamba soko la DVD lilikuwa tayari lina maradhi. Uharamia ulikuwa umekithiri: muvi inatoka asubuhi Kariakoo, jioni nakala feki ziko mtaani, na DVD moja ya kichina inabeba filamu 20 kwa bei ya moja. Serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 ili kutofautisha halali na feki. Hata hivyo simu janja na memori kadi zilikuja kwa kasi kuliko stempu. Mtu anaenda kwa fundi wa simu, anajaziwa muvi 10 kwenye kadi, anaondoka.

Kanumba alipoondoka, soko lilipoteza mtu ambaye jina lake pekee liliweza kumfanya mteja atoe hela kununua nakala halisi. Pengo hilo liliharakisha anguko, ila halikulianzisha.

Filamu za Kitanzania zenyewe hazikufa. Azam TV ilianzisha chaneli ya Sinema Zetu kwa ajili ya kazi za nyumbani. Mwaka 2016 tuzo za AMVCA huko Lagos zilikwenda kwa Watanzania wawili, Single Mtambalike "Richie" kwa Kitendawili na Elizabeth Michael kwa Mapenzi ya Mungu. Binti ya Seko Shamte ikaingia Netflix, na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ikaoneshwa Tamasha la Toronto mwaka 2021. Lagos ambayo Kanumba aliigonga mlango mwaka 2006, miaka 10 baadaye ilikuwa inawapa Watanzania tuzo.

Urithi: filamu zake ziko wapi leo?

Hapa ndipo penye swali zito.

Chukua mfano wa mbali kidogo. Alain Delon, staa wa Ufaransa, alifariki Agosti 2024 akiwa na miaka 88. Wiki hiyohiyo mtu yeyote aliweza kutafuta Plein Soleil ya mwaka 1960 au Le Samouraï ya 1967 akazitazama zikiwa safi, picha inang'aa. Hiyo si bahati. Ufaransa ina taasisi kama Cinémathèque française, iliyoanza mwaka 1936, kazi yake ni kutunza filamu zisioze na kuzionesha tena. Na wenye haki wanajulikana, hivyo kila zikioneshwa kuna anayelipwa.

Sasa tafuta filamu ya Kanumba ya mwaka 2006. Utaipata vipande kwenye YouTube, imepakiwa na mtu asiyejulikana, picha ina ukungu, sauti inakatika, na tangazo linalopita katikati linamlipa aliyepakia.

Sababu kubwa ni jinsi biashara ilivyokuwa. Enzi hizo watayarishaji wengi waliuza filamu kwa msambazaji jumla. Unakabidhi kazi na haki zake, unapokea fungu moja, mmemalizana. Siku ikioneshwa tena miaka 10 mbele, hakuna kinachorudi kwako wala kwa familia yako. Kwa msanii kijana mwenye shida ya hela ya kutengenezea muvi inayofuata, fungu hilo lilionekana kubwa. Kwa mjane, mtoto au mzazi anayebaki nyuma, ni sifuri.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za kiuchumi na haki za kimaadili za mbunifu, na kazi ya filamu inalindwa kwa miaka 50. Kwa hiyo muvi iliyotolewa mwaka 2006 bado ina mwenyewe hadi katikati ya karne hii. Swali ni nani: familia, kampuni, au msambazaji? Jibu liko kwenye karatasi iliyosainiwa siku ile.

Funzo kwa kijana wa Karagwe na Kyerwa mwenye simu

Leo huhitaji kwenda Dar kujiunga na kundi ndipo uonekane. Kijana wa Kaisho au Nyaishozi anaweza kurekodi kichekesho cha dakika 3 kwa simu, akakipakia, na mtu wa Muscat akakitazama. Njia imerahisishwa. Mtego wa Kanumba na wenzake, hata hivyo, bado upo. Mambo ya kushika:

1. Usikubaliane kwa mdomo tu. Hata mkiwa marafiki, andikeni nani anamiliki nini. Ukurasa mmoja unatosha.
2. Tofautisha kuuza na kukodisha. Ukimpa mtu ruhusa ya kuonesha kazi yako kwa miaka 2, bado ni yako. Ukimuuzia haki zote, imeondoka.
3. Sajili kazi yako COSOTA. Siku ya ugomvi, usajili unasaidia kuthibitisha kwamba ulitangulia. Ukitengeneza filamu, Bodi ya Filamu nayo inahusika.
4. Tunza faili halisi sehemu zaidi ya moja. Simu inaibiwa, memori kadi inakufa. Faili uliloshusha kutoka mtandaoni si sawa na lile ulilorekodi.
5. Mwambie mtu wa karibu. Akaunti ya YouTube au TikTok inayoingiza hela ni mali kama shamba la kahawa. Kama nywila unazo wewe peke yako, ukiondoka zinaondoka nawe.

Kanumba hakuwa na mtu wa kumwambia haya, kwa sababu kizazi chake ndicho kilichokuwa kinafyeka njia. Walijifunza bei ya kazi zao wakati zimeshauzwa.

Anakumbukwa vipi

Kila Aprili 7 picha zake zinarudi kwenye mitandao. Wapo wanaokwenda Kinondoni kuweka maua. Wapo waliopewa jina la Kanumba na wenzao shuleni kwa sababu tu walikuwa wanajua kulia kwa maigizo.

Alifanya kazi takribani miaka 10 tu, tangu Kaole hadi siku ya mwisho. Ndani ya muda huo kijana wa Shinyanga aliwafanya watu wa Lagos wajue Dar kuna waigizaji, na aliwafanya watu waliobanana kwenye mabenchi ya Omurushaka wasahau kwa saa mbili kwamba nje mvua inanyesha na njia ya kurudi nyumbani ni tope. Kazi zilizofanya hayo bado zipo mahali fulani, kwenye DVD zilizochubuka na mashine za zamani. Zisipotafutwa na kutunzwa sasa, mtoto wa Kyerwa aliyezaliwa 2012 atabaki na jina tu.